Majina ya Wakubwa: Lydia Cacho na Vita Dhidi ya Ulanguzi wa Watoto

Mhadhara uliotolewa mbele ya wanafunzi wa uandishi wa habari, Mombasa



Nilipoombwa nizungumzie mwandishi wa habari na ulanguzi wa binadamu, ningeweza kuwaletea mikataba na takwimu. Takwimu zipo. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi za kulazimishwa, na milioni 6.3 kati yao walikuwa wakitumikishwa kingono. Lakini hesabu kubwa namna hiyo haimwoneshi msomaji nani anayeuza, nani anayenunua, na nani anayesimama mlangoni kuwalinda wote wawili. Ndiyo maana nimechagua maisha ya mwanamke mmoja, Lydia Cacho wa Mexico. Kazi yake kubwa aliielekeza kwa huyo wa tatu, bawabu wa biashara hii. Na nimeamua kumzungumzia hapa Mombasa kwa sababu mji alioufanyia kazi unafanana na pwani yetu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Cancún si mji wa kale. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wa Benki Kuu ya Mexico walikuwa wakitafuta mahali pa kuvutia fedha za kigeni, wakachagua ukanda wa mchanga katika rasi ya Yucatán uliokuwa na watu wachache mno, wakaamua pajengwe mji wa watalii. Hoteli za kwanza zilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1974 Quintana Roo, eneo ulimo mji huo, likapandishwa kuwa jimbo kamili. Tangu hapo ndege zikawa zinashusha wageni kwa mamilioni, na mabasi yakawa yanashusha wafagizi, wapishi, waashi na mayaya kutoka vijiji vya Chiapas, Yucatán na Veracruz. Wageni walilala upande wa bahari. Wafanyakazi walijibanza nyuma, katika mitaa iliyokua haraka kuliko mabomba ya maji, na watoto wao walishinda bila mtu wa kuwaangalia, maana zamu ya hoteli haingoji mtoto atoke shule.

Mkaazi wa Mtwapa, Malindi au Ukunda hahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 2006 UNICEF na Serikali ya Kenya zilitoa utafiti juu ya biashara ya ngono na watoto katika pwani hii. Ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani walikuwa wameingizwa humo. Wengi tuliousoma tuliwanyooshea kidole wageni. Utafiti wenyewe ulisema kwamba karibu wateja wanne katika kila kumi walikuwa Wakenya. Kikulacho ki nguoni mwako.

Lydia Cacho alizaliwa tarehe 12 Aprili 1963 katika Jiji la Mexico. Mama yake alikuwa mwanasaikolojia na mtetezi wa haki za wanawake, na alikuwa na desturi ya kumchukua bintiye alipokwenda kufanya kazi katika mitaa ya maskini. Mtoto aliona mapema kwamba umaskini si aibu ya maskini. Katikati ya miaka ya 1980, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alihamia Cancún, akaanza kuandika katika gazeti la huko. Mwanzoni aliandika habari za sanaa na utamaduni. Baadaye kalamu yake ilihamia kwa wanawake wanaopigwa majumbani, kwa wasichana wa kigeni waliokuwa wakiuzwa katika madanguro ya mji ule wa starehe, na kwa wanaume waliokuwa wakifaidika.

Mwaka 1999 alishambuliwa na kubakwa katika kituo cha mabasi, akavunjwa mifupa. Hilo amelieleza mwenyewe hadharani, nami nalitaja kwa sababu ya lililofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, yeye na wenzake walianzisha CIAM, kituo cha kuwahudumia wanawake na watoto wanaokimbia ukatili, chenye nyumba ya hifadhi yenye ulinzi mkali. Ulinzi ulihitajika. Baadhi ya wanaume waliokuwa wakikimbiwa walikuwa polisi, na wengine walikuwa watu wa magenge ya dawa za kulevya. Walifika mlangoni wakiwa na bunduki za serikali au za kwao wenyewe, wakiwadai wake zao kana kwamba wanadai ng'ombe aliyepotea.

Nataka tukae kidogo kwenye nyumba hiyo, kwa kuwa waandishi wengi wanaomsifu Cacho huiruka wakakimbilia vitisho na mahakama. Mimi naona nyumba ile ndiyo msingi wa uandishi wake. Mwandishi wa kawaida humjia mtoto aliyeumizwa akiwa na kinasasauti, humsikiliza saa moja, humpiga picha ya mgongo, kisha huondoka na habari. Cacho alikuwa akimpa mtoto kitanda kwanza. Palikuwa na mwanasaikolojia, wakili, mlo na shule. Maelezo yalikuja baadaye, kidogo kidogo, na mtoto alikuwa na haki ya kunyamaza. Kuna wakuu wa taaluma yetu watakaouliza: je, mtu anayemhifadhi shahidi anaweza kuwa pia mwandishi wa habari za shahidi huyo? Swali ni la haki. Kwa kawaida ningesema hapana. Ila katika mji ambao polisi wenyewe wanaogopwa na waathiriwa, sioni nani mwingine ambaye watoto wale wangemweleza habari hiyo, wala nani angekuwa na subira ya kuisikiliza mpaka mwisho.

Mwaka 2003 msichana mmoja wa Cancún alikwenda kwa wakuu wa sheria kumshitaki mwenye hoteli aitwaye Jean Succar Kuri, mfanyabiashara mwenye asili ya Lebanon, tajiri aliyejulikana na wengi. Baada yake walijitokeza wengine. Namna biashara ile ilivyokuwa ikiendeshwa yafaa ieleweke na kila mzazi aliyemo humu. Hapakuwa na kamba wala gari la kuteka watu. Mtoto mmoja alitumwa kumleta rafiki yake. Aliyeletwa aliogelea, akala vizuri, akapewa nguo, pengine na karo ya shule, katika nyumba nzuri yenye bwawa. Baadaye akadhulumiwa, akarekodiwa kwa kamera, na mkanda ule ukawa ndio minyororo yake: ukisema, mama yako ataona. Kisha akaagizwa amlete mwingine. Wenye nyumba ile walikuwa na marafiki, na marafiki wale walikuwa na vyeo.

Huo ni ulanguzi. Nasisitiza kwa sababu kwetu watu hufikiri ulanguzi lazima uwe na pasipoti, ndege na Saudia ndani yake. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, mkataba wa kimataifa dhidi ya ulanguzi ulioridhiwa na Kenya na Tanzania, katika tafsiri yake ya ulanguzi haidai mpaka wa nchi uvukwe. Na kwa mtu aliye chini ya miaka 18 haidai hata ithibitishwe kwamba alilazimishwa au alidanganywa. Kumwandikisha mtoto, kumhamisha au kumhifadhi kwa nia ya kumtumikisha kunatosha. Wakili atakayesimama kortini kusema "msichana alikuja kwa miguu yake" hajasema lolote lenye uzito mbele ya sheria hiyo.

Succar Kuri alikimbilia Marekani, akakamatwa Arizona mwanzoni mwa 2004. Wengi wangeridhika hapo: mwovu yuko ndani, habari imekwisha. Cacho aliona ndiyo kwanza imeanza. Mwaka 2005 alichapisha kitabu *Los demonios del Edén*, yaani mashetani wa bustani ya Edeni, na kichwa chake kidogo kinataja nguvu inayoilinda ponografia ya watoto. Humo aliwapa watoto majina ya kubuni ili wasitambulike, na wakubwa akawaita kwa majina yao halisi. Alimtaja mfanyabiashara wa nguo Kamel Nacif, tajiri wa viwanda huko Puebla aliyekuwa akiitwa mfalme wa jinzi, kuwa ni rafiki na mlinzi wa mtuhumiwa. Aliwataja pia wanasiasa wa ngazi ya taifa.

Hapa niweke pembeni kidogo habari ya Mexico niwakumbushe mtu wa zamani. Mwaka 1885 mhariri wa London, W. T. Stead, alitaka kuonesha kwamba wasichana wadogo wananunuliwa Uingereza, akamnunua mmoja mwenyewe, wa miaka 13, kwa pauni 5. Makala zake ziliitikisa nchi, na bunge likaupandisha umri wa ridhaa kutoka miaka 13 hadi 16. Stead alifungwa miezi mitatu kwa kosa la kumchukua mtoto, maana hakuwa na ridhaa ya baba yake. Watu wa taaluma humtukuza. Mimi simtukuzi. Mtoto yule alipelekwa kukaguliwa mwili, akalala nyumba ya uovu, akavushwa hadi Ufaransa, yote ili gazeti liwe na ushahidi. Cacho alithibitisha jambo zito kama lile bila kumgeuza mtoto yeyote kuwa chombo cha kazi yake. Kijana wa leo mwenye kamera ya kificho amchague mwalimu wake kati ya hao wawili.

Nacif alishitaki. Hakushitaki Cancún alikokuwa akiishi mwandishi, wala Jiji la Mexico kitabu kilikochapishwa. Alishitaki Puebla, kwenye viwanda vyake, katika jimbo la gavana rafiki yake, Mario Marín. Kosa lilikuwa kukashifu, ambalo wakati ule lilikuwa jinai. Tarehe 16 Desemba 2005 polisi wa Puebla walimkamata Lydia Cacho nje ya kituo chake huko Cancún, wakamtia garini, wakaanza safari ya kilomita 1,500 hivi. Safari ilichukua saa 20. Alikuwa mgonjwa wa kifua, wakamnyima dawa. Ameeleza, na Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa imeyapokea maelezo hayo, kwamba njiani walimtishia kumuua na kumtupa baharini, wakamdhalilisha kama mwanamke, wakamwekea bunduki mwilini. Wakati huohuo wenzake walikuwa hawalali: walipiga simu kwa magazeti, kwa mashirika ya haki za binadamu, kwa kila mwenye sauti. Alifika Puebla akiwa hai, kisha akatolewa kwa dhamana.

Angalieni kilichokuwa kikishitakiwa. Mtuhumiwa wa kuwadhulumu watoto alikuwa bado Marekani akipinga kurudishwa, na wakubwa waliotajwa walikuwa wakila chakula cha mchana na mawaziri. Aliyesafirishwa saa 20 chini ya bunduki ni yule aliyeandika.

Mambo yangeweza kuishia hapo, neno la mwandishi dhidi ya neno la gavana. Ila tarehe 14 Februari 2006 gazeti la *La Jornada* na mtangazaji wa redio Carmen Aristegui walitoa hadharani mazungumzo ya simu yaliyokuwa yamerekodiwa na mtu asiyejulikana. Ndani yake mfanyabiashara Nacif alisikika akimshukuru Gavana Marín kwa lugha ya mahaba na kumwahidi chupa mbili za brandi ghali, naye gavana alisikika akijivuna kwamba amemtia adabu yule mwanamke. Mkono mtupu haulambwi, na sasa nchi nzima ilisikia nani anamlamba nani. Makumi ya maelfu waliandamana Puebla wakimtaka gavana ajiuzulu. Hakujiuzulu. Alikaa ofisini hadi muda wake ulipokwisha mwanzoni mwa 2011.

Cacho alikwenda Mahakama ya Juu. Jaji Juan Silva Meza aliongoza uchunguzi, na ripoti yake ilisema kwamba wenye mamlaka walikula njama kumwonea mwandishi. Tarehe 29 Novemba 2007 majaji walipiga kura: sita kwa wanne, wakaamua kwamba haki zake hazikuvunjwa kwa uzito unaotosha kuwachukulia hatua wakubwa hao. Nimeisoma hukumu hiyo mara nyingi katika maelezo ya wanasheria, na kila mara naona ni aibu ya mahakama. Majaji walikuwa na sauti ya gavana mkononi. Walichagua kutoisikia.

Katikati ya kesi hizo aliendelea kuwafuata watoto mpaka kizimbani. Mwaka 2007, baada ya kutoa ushahidi dhidi ya Succar Kuri, nati za gurudumu la gari lake zilikutwa zimelegezwa. Kesi ilijivuta. Baadhi ya waathiriwa walibadilisha maelezo yao, wengine wakajitenga naye. Mawakili wa utetezi walishangilia kila mara, na magazeti mengine yakaandika kwamba hadithi imeporomoka. Wanafunzi, jambo hili mtakutana nalo. Mtoto aliyedhulumiwa na tajiri, ambaye familia yake imeahidiwa pesa na kutishiwa kwa pamoja, atayumba. Ukimwacha siku anapoyumba, umemrudisha kwa mwenye nyumba. Cacho hakuwaacha. Agosti 2011 Succar Kuri, aliyekuwa amerudishwa kutoka Marekani mwaka 2006, alihukumiwa kifungo cha miaka 112.

Sasa mtu angetazamia kwamba mwandishi aliyepitia hayo angepumzika. Yeye alipanua ramani. Kwa miaka kadhaa alisafiri akifuata njia za biashara ya wanawake na wasichana, kutoka Uturuki hadi Kambodia, kutoka Japani hadi Argentina na kurudi Mexico, akaandika *Esclavas del poder*, kilichotoka mwaka 2010. Mahali pengine ilimbidi ajigeuze: katika mtaa wa La Merced, Jiji la Mexico, alitembea amevaa mavazi ya mtawa, kwani mtawa haulizwi anatafuta nini penye makahaba. Alichokileta ni ramani ya fedha. Anayemleta msichana ni mtu mdogo, mara nyingi mwanamke wa kijijini kwao au jamaa. Juu yake yupo mwenye danguro, juu zaidi yupo afisa wa uhamiaji anayegonga muhuri, na juu kabisa ipo benki inayopokea noti bila kuuliza. Magazeti hukamata ngazi ya chini kila mwezi na kuita hiyo vita dhidi ya ulanguzi.

Kuna kazi yake nyingine isiyotajwa sana, ambayo mimi naithamini kuliko tuzo zake zote. Mwaka 2009 alitoa *Con mi hij@ no*, kitabu cha kuwasaidia wazazi kumlinda mtoto na mdhulumu, kumsikiliza bila kumtisha, kujua dalili. Mwaka 2018 akatoa *#EllosHablan*, ambamo wanaume wanasimulia utoto wao na baba zao. Alikuwa ameelewa kwamba bila mnunuzi hakuna soko, na mnunuzi hazaliwi mnunuzi, hulelewa.

Tuzo alipata, tena kubwa: tuzo ya UNESCO ya uhuru wa habari ya Guillermo Cano mwaka 2008, tuzo ya Olof Palme mwaka 2011 pamoja na Mwitaliano Roberto Saviano, na nyingine. Hazikumkinga. Mwaka 2012 vitisho vilimlazimu kutoka nchini kwa muda. Katika nchi ambayo tangu mwaka 2000 waandishi zaidi ya 150 wameuawa, mtu hapuuzi sauti ya simu inayomwambia tunajua unapoishi.

Haki yake ilianza kuonekana baada ya kesi yake kupelekwa nje ya nchi. Kwa msaada wa shirika la Article 19 aliifikisha kesi mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Uamuzi ulitolewa katikati ya mwaka 2018: Mexico ilimkamata kinyume cha sheria, ilimtesa, ilimbagua kwa sababu ya jinsia yake, na ilivunja uhuru wake wa kusema. Tarehe 10 Januari 2019 serikali mpya ya nchi hiyo ilimwomba radhi hadharani. Aliyeitamka radhi ni naibu waziri wa haki za binadamu, Alejandro Encinas. Wizara aliyoitumikia ilikuwa chini ya Olga Sánchez Cordero, na mama huyo alikuwa mmoja wa majaji sita waliomkatalia Cacho mwaka 2007. Miaka kumi na moja ilipita kati ya kura ile na radhi ile.

Aprili 2019 mahakama ya Quintana Roo iliamuru Marín, Nacif na aliyekuwa mkuu wa polisi wa Puebla wakamatwe kwa kosa la utesaji. Julai mwaka huohuo watu waliivunja nyumba ya Cacho huko Puerto Morelos. Waliwaua mbwa wake. Waliiba kompyuta, vinasasauti, kamera na hifadhi za data zenye kazi yake juu ya waathiriwa. Mwizi wa kawaida huiba televisheni. Cacho aliondoka Mexico, akaenda kuishi Uhispania. Tarehe 3 Februari 2021 Marín alikamatwa Acapulco, miaka 15 na zaidi tangu safari ile ya saa 20.

Turudi nyumbani. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika 2012. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Lisomeni tena hilo neno "au". Kwa yule mama wa kijijini aliyemdanganya mpwa wake, milioni 30 ni sawa na miaka 30, hatazipata. Kwa mwenye hoteli ni bei ya gari moja na kiwanja. Mpaka bunge lifute neno hilo, sheria yetu itakuwa imewaandalia wakubwa mlango wa nyuma, na ninaomba wabunge wa pwani walifanye hilo kuwa kazi yao, kwa kuwa watoto wanaouzwa ni wa wapiga kura wao.

Kwa upande wa kalamu tumepata nafuu ambayo Cacho hakuwa nayo mwaka 2005. Mexico yenyewe iliondoa kashfa katika makosa ya jinai ya taifa mwaka 2007, na kesi yake ilichangia sana. Hapa kwetu, Februari 2017, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kifungu cha kukashifu katika Kanuni za Adhabu kinapingana na Katiba. Polisi hawezi tena kumvusha mwandishi kutoka Mombasa hadi kaunti nyingine kwa kosa hilo. Linalobaki ni kesi ya madai, na ingawa haimfungi mtu, inaweza kulifilisi gazeti. Ndiyo maana majina hupungua kadiri tunavyopanda ngazi. Tunaandika jina, umri na kijiji cha ajenti aliyewapeleka wasichana Ghuba. Mwenye kampuni aliyetia sahihi tunamwita "bwenyenye mmoja wa pwani".

Na kwa watoto tunafanya kinyume kabisa. Nimeona kurasa za mbele ambapo uso wa msichana umefichwa lakini sare ya shule yake inaonekana, na jina la kijiji limeandikwa, na jina la babu limeandikwa. Mtaa mzima umeshamjua kabla ya magharibi. Cacho alificha wadogo na kuwaanika wakubwa. Sisi tumezoea kuwaanika wadogo na kuwaficha wakubwa, na tunaita hiyo tahadhari ya kisheria.

Wahariri mliomo ukumbini, nina ombi kwenu. Kijana atakapowaletea faili lenye jina la mtu mzito, msimpongeze kisha mkamwacha aende peke yake. Mpeni wakili aisome kila sentensi kabla haijachapwa. Wekeni nakala za hati mahali pawili au patatu, nje ya ofisi na nje ya nyumba yake. Zungumzeni na chombo kingine mtoe habari siku moja, kama *La Jornada* na Aristegui walivyofanya, ili asiwepo mmoja wa kumtisha. Na siku akikamatwa, pigeni kelele usiku uleule, msingoje taarifa rasmi ya asubuhi.

Na ninyi wanafunzi, nyumba za hifadhi za watoto katika pwani hii zinahitaji watu wa kujitolea kila wiki, kupika, kufundisha hesabu, kusindikiza mtoto kortini. Nendeni huko bila kinasasauti. Mkishajua jinsi mtoto anavyonyamaza ndipo mtajua jinsi ya kumsikiliza.

Kwa yeyote aliyeona au aliyesikia jambo kuhusu mtoto na hajui aanzie wapi, nambari ya simu ya msaada kwa watoto Kenya ni 116, na Tanzania ni hiyohiyo 116. Kupiga hakulipiwi.